Uzi wa zawadi kwa wapenzi wa K-pop: kabla hujatoa hela, jua jina

Bintimzizima aliandika:

Habari za jioni wakuu.

Kila Desemba ikikaribia napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu, majirani na watu niliosoma nao: "Mdogo wangu anapenda zile nyimbo zenu za Wakorea, nimnunulie nini?" Mwaka huu nimeona nijibu hapa kwa kirefu, ili anayehitaji asome na mwenye la kuongeza aongeze.

Mimi ni ARMY, yaani shabiki wa kundi la BTS, tangu 2016 nikiwa kidato cha tano. Nimepewa zawadi nyingi kwa sababu ya mapenzi haya, na nimewasaidia watu wengi kuagiza. Nimeona zawadi za bei kubwa zikiwekwa kabatini zisitoke tena. Nimeona pia kitu cha elfu mbili kikimliza mtu mzima.

Kosa linaloanza ni kudhani K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, ni kitu kimoja. Mtu akikwambia anapenda mpira, bado hujamjua. Ni Simba au ni Yanga? Ukimpelekea jezi ya timu nyingine atakushukuru kwa adabu, lakini moyoni atajua hukuwahi kumsikiliza. Huku ni hivyo hivyo. BTS walianza Juni 2013, wako saba. TWICE walianza 2015, wako tisa. SEVENTEEN nao ni wa 2015, na msishangae, wako kumi na watatu. BLACKPINK walianza Agosti 2016, wako wanne. Stray Kids ni wa 2018, wako wanane. Kila kundi lina jina la mashabiki wake: wa TWICE ni ONCE, wa SEVENTEEN ni CARAT, wa BLACKPINK ni BLINK, wa Stray Kids ni STAY. Majina haya hatuyachukulii kama utani. Ni kama jina la ukoo.

Ndani ya kundi kuna mtu mmoja ambaye shabiki amempa moyo wake. Tunamwita bayasi. Ukimjua bayasi, umemaliza nusu ya kazi, na si lazima uulize. Angalia picha kwenye kioo cha simu yake. Angalia nyuma ya kava la simu, maana wengi tunaweka pale kadi ndogo ya picha. Angalia ni tarehe gani anaweka stetasi ya kumtakia mtu heri ya kuzaliwa. Sikiliza ni jina gani analitaja hata mnapoongelea mambo mengine kabisa. Mtu anayependa hafichi.

Hapo niwasimulie zawadi iliyonifanya niandike uzi huu.

Mama yangu hajui wimbo hata mmoja wa BTS. Nilipohitimu chuo, alikwenda Kariakoo akaninunulia doti ya kanga. Rangi ni zambarau, na jina lake "Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika". Nikamuuliza, mama, kwa nini zambarau? Akasema, "Nimeona vitu vyako vyote vya wale vijana ni vya rangi hii. Daftari, kava la simu, hata mswaki. Nikajua ina maana kwako."

Kwa wasiojua, mwaka 2016 katika mkutano na mashabiki, V wa BTS aliona taa za watu zikiwaka zambarau akasema kwamba zambarau ndiyo rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, kwa hiyo maana yake ni kuaminiana na kupendana kwa muda mrefu. Kuanzia siku hiyo rangi hiyo ikawa yetu, na neno lake, *borahae*, yaani "nakuzambarau", likawa salamu yetu. Mama hakujua habari hii. Alitazama vitu vya mtoto wake, basi. Kanga ile sijaivaa hata mara moja nje ya nyumba, lakini nimehama nayo nyumba tatu.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Albamu. Albamu ya Kikorea si sidii tu kwenye kikasha. Ni boksi lenye kitabu cha picha, mashairi ya nyimbo, stika, pengine bango, na kadi za picha. Huwa inatoka kwa matoleo kadhaa yenye picha tofauti, nyimbo zile zile. Anayepewa anajali ni toleo gani, kwa hiyo fanya upelelezi. Albamu pia inahesabiwa kwenye chati za mauzo za Korea kama Circle na Hanteo, kwa hiyo kumnunulia shabiki albamu halisi kupitia duka linaloripoti mauzo ni kumwezesha kulisukuma kundi lake. Hilo lina uzito kuliko mnavyofikiri.

Tatizo letu sisi wa huku ni kilo. Boksi moja linaweza kuwa zito kiasi kwamba usafiri unazidi bei ya albamu, na bado hujafika forodhani. Ndiyo maana nawashauri watu matoleo madogo yasiyo na sidii: kasha dogo lenye kadi za picha na msimbo wa kufungulia nyimbo kwenye simu. Makampuni mengi sasa yanayatoa. Watoto wa siku hizi wenyewe hawana mashine ya kuchezea sidii nyumbani, kwa hiyo hawapotezi chochote.

Kadi za picha. Hizi ndizo zinawachanganya wazazi. Ni kadi ya ukubwa wa kitambulisho, kama milimita 55 kwa 85, yenye picha ya mwanakikundi mmoja. Zilianza kushika kasi mwaka 2010, Girls' Generation walipoziweka kwenye albamu yao *Oh!*. Huwezi kuchagua utampata nani, zinaingizwa kwa bahati. Kwa hiyo kumtafutia mtu kadi ya bayasi wake, ya albamu fulani aliyoikosa, ni zawadi inayosema umehangaika kwa ajili yake. Kama huwezi kuipata, mnunulie mifuko ya kuhifadhia isiyo na PVC, ile aina ya plastiki, kwa sababu PVC ikikaa muda mrefu inaharibu picha, na albamu ndogo ya kuzipanga. Kila mtu ananunua kadi, vifaa vya kuzitunza vinasahaulika.

Laitistiki. Ile taa ya mkononi. Miaka ya tisini mashabiki wa Korea walijitambulisha kwa maputo: wa kundi la H.O.T. meupe, wa kundi la Sechs Kies ya njano. Baadaye BIGBANG, walioanza 2006, wakaja na taa yenye umbo la taji, na sasa kila kundi kubwa lina taa yake. Ya BTS ni tufe ndani ya kioo, ya BLACKPINK ni nyundo yenye mioyo. Watu wananiuliza, kuna faida gani kumnunulia mtu taa ya tamasha ambalo hatakwenda? Nawajibu kwamba ukizima taa chumbani ukaweka tamasha kwenye simu, ukawasha ile taa, unajiona uko pamoja na watu elfu hamsini. Ni kitu cha gharama, kwa hiyo changeni ndugu wawili watatu. Aghalabu inatumia betri tatu ndogo za AAA ambazo haziji nayo. Nunua betri uziweke kwenye zawadi, asikae anaitazama haiwaki siku yake ya kuzaliwa.

Kuhusu bandia: taa bandia aghalabu haiungani na programu ya simu kwa bluetooth, na kadi bandia rangi zake huwa zimekolea kupita kiasi au zina ukungu. Zipo pia seti za kadi za bei nafuu zilizochapwa na watu wengine, zinaitwa lomo. Sioni aibu kutoa lomo ilimradi usimdanganye kwamba ni halisi. Ninachokataa kabisa ni vitu vyenye picha za wasanii walizopigwa kwa kuviziwa hotelini au nyumbani kwao. Shabiki anayewapenda atajisikia vibaya kukaa nazo.

Karibuni kwa maswali.

---

Kisiki aliandika:

Dada, nimesoma yote kwa heshima. Lakini naomba niseme la moyoni. Binti yangu alikusanya hela ya likizo nzima, akamtumia mtu wa mtandaoni amuuzie kadi moja. Hela ikaenda, mtu akafunga akaunti. Mtoto alikaa siku mbili hali chakula. Tangu hapo nimekuwa nikiona mambo haya yote ni utapeli. Kadi ya karatasi kwa hela ile?

Bintimzizima aliandika:

Pole sana mzee wangu, na umpe pole binti. Hasira yako ina haki.

Sisi tunaonunua kadi kwa watu tuna utaratibu, na nausema hapa ili mwingine asiumie. Muuzaji akupigie video ya kadi, mbele na nyuma, aitikise kwenye mwanga, na pembeni yake pawe na karatasi yenye jina la akaunti yake na tarehe ya siku hiyo kwa mwandiko wa mkono. Picha tupu haitoshi, picha inaibwa. Uliza watu waliowahi kununua kwake. Kama yuko mji mmoja na wewe, mkutane mchana sehemu yenye watu, na mtoto asiende peke yake.

Kuhusu kadi kuwa karatasi, ni kweli ni karatasi. Hata picha ya harusi yako ni karatasi. Najua si sawa na harusi, ila mtoto hakulia kwa sababu ya karatasi. Alilia kwa sababu alijinyima likizo nzima kwa ajili ya kitu anachokipenda, na mtu mzima akamwibia. Kama utaweza, mrudishie kadi ile ile. Mwambie umetafuta wewe mwenyewe kwa kufuata utaratibu huu. Nadhani hatasahau.

Kisiki aliandika:

Jina la yule msanii analo hadi kwenye begi la shule. Nitaitafuta hiyo kadi.

---

Mkaa Likoni aliandika:

Salamu kutoka Mombasa dadangu. Naongeza ya kwetu.

Korea, bayasi wako akifikisha siku ya kuzaliwa, mashabiki hukodi mkahawa, wakatengeneza vile vishikio vya karatasi vya kuzungushia kikombe vyenye picha yake. Ukinunua kahawa unapewa kishikio ukatunze. Sisi tulikuwa na mwenzetu alikuwa mgonjwa, bayasi wake ni Jimin, ambaye amezaliwa tarehe 13 Oktoba. Tukachapisha vishikio kumi na viwili kwa duka la stationari, tukapika chai ya maziwa na mahamri na mbaazi, tukaenda kwao. Tulizungushia vishikio kwenye vikombe vya bati vya mamake. Vilikuwa havitoshi vizuri, tukafunga kwa raba bendi.

Alilia huyo, na mamake akalia. Gharama yote iligawanywa watu watano. Ningependa watu wajue kwamba unaweza kumpa mtu saa mbili za jioni badala ya kitu.

Bintimzizima aliandika:

Mkaa Likoni, umenigusa. Na kwa Jimin mnaweza kuongeza lingine: mwaka 2019 alitoa mchango kwa elimu ya watoto wa Busan, mji aliozaliwa. Wapo wanaonunulia shule madaftari au pedi kwa jina la bayasi wa rafiki yao, wakampa rafiki kadi inayoeleza.

Jambo hili limo ndani kabisa ya utamaduni wa mashabiki wa Korea. Kwenye matamasha, badala ya mashada ya maua, wanatuma magunia ya mchele yaliyopambwa kwa utepe, kisha mchele unakwenda kwa wahitaji. Na Suga wa BTS alishawaahidi mashabiki kwamba akifanikiwa atawanunulia nyama. Siku yake ya kuzaliwa, Machi 2018, akapeleka nyama ya ng'ombe kwenye vituo 39 vya kulelea watoto yatima, kwa jina la ARMY. Mwenyewe hakuweka jina lake mbele. Nilipoisoma habari ile nilikuwa kwenye daladala, na nikaona nimechagua watu sahihi wa kuwapenda.

---

Fundi Umeme aliandika:

Mkuu, mchumba wangu ana miaka 33. Yeye si wa hao wapya, ni Super Junior tangu akiwa sekondari. Anayo ile taa ya bluu alitumiwa na dada yake zamani, haiwaki tena, ila kila tukihamisha vitu anaifuta vumbi anairudisha. Nilitaka kumnunulia mpya.

Bintimzizima aliandika:

Kaka, usinunue mpya kwanza.

Super Junior ni wa 2005, mashabiki wao wanaitwa ELF, na bluu ile ya yakuti samawi ndiyo rangi yao. Mtu aliyedumu nao miaka yote hiyo ana kumbukumbu kwenye taa ile ambazo mpya haitakuja nazo. Na wewe ni fundi umeme! Ifungue. Nadhani utakuta betri zilivuja.

Fundi Umeme aliandika:

Nimeichukua leo bila yeye kujua. Ni kweli, betri zimevuja, vibati vya kushikia vimeota unga mweupe na kijani, waya mmoja umekatika. Nimesafisha kwa siki, nikafuta kwa spiriti, nimechomelea waya kwa risasi. Imewaka. Nimekaa naitazama kama dakika kumi hapa karakana.

Mkaa Likoni aliandika:

Nimelia tena wallahi.

---

Mwambao aliandika:

Niko Muscat. Wengi huwa wananiagiza niwabebee nikija Unguja. Nasaha zangu ni mbili. Kadi na mabango usiyatie kwenye sanduku hivi hivi, yanakunjika. Kadi ziwe baina ya kadibodi mbili ngumu, bango lizungushwe ndani ya bomba la plastiki. La pili, usimuagize mtu "niletee kitu cha BTS". Mtume picha ya kitu chenyewe, toleo lake, na kiasi utakachomlipa. Nimewahi kubeba kitu si chenyewe kwa sababu aliyeniagiza hakuwa na uhakika, na mtoto alivunjika moyo mbele yangu.

Bintimzizima aliandika:

Ahsante sana Mwambao. Nami niongeze la maandishi, kwa kuwa karibu kila zawadi ina kadi ya salamu. Andika jina la mpokeaji kwa Hangul, herufi za Kikorea. Mfalme Sejong alizitangaza 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na kweli ni rahisi, jioni moja inatosha kujifunza kuandika jina. Rafiki yangu Amina nilimwandikia 아미나. Silabi mbili za mwanzo, 아미, ndivyo Wakorea wanavyoandika ARMY. Alikuwa shabiki miaka minne bila kujua kwamba jina la kundi lake limo ndani ya jina alilopewa na bibi yake. Ile karatasi ameiwekea fremu.

Ila msiandike jina la mtu kwa wino mwekundu. Korea wino mwekundu kwa jina unahusishwa na kifo, na shabiki anayejua atashtuka.

---

Mzee wa Kihonda aliandika:

Binti yangu, habari za kazi. Nasoma tangu jana. Mwanangu wa kike anamaliza kidato cha nne Novemba. Kundi ni Stray Kids, hilo nina uhakika. Bajeti ni elfu hamsini, na niko Morogoro. Nifanyeje?

Bintimzizima aliandika:

Shikamoo baba. Hongera kwa kuanza mapema. Stray Kids wako wanane, kwa hiyo naomba jina. Kama ni Felix, bado hujaharibu hata elfu kumi: anajulikana kwa kuoka brauni za chokoleti, na ukimwokea binti brauni na kumwambia ni kwa ajili ya Felix, utaona. Tafuta jina kwanza.

Mzee wa Kihonda aliandika:

Marahaba. Nimechungulia daftari lake la rafu, sikusoma ndani, nimeona jalada tu. Ameandika HAN mara nyingi, na amechora mnyama mfano wa panya buku mwenye mashavu, anacheka.

Bintimzizima aliandika:

Baba, umeshapata kila kitu.

Huyo ni Han, alizaliwa tarehe 14 Septemba 2000. Mnyama si panya, ni kwoka, wa Australia, ana uso kama anatabasamu. Kila mmoja wa Stray Kids ana mnyama wake, kwa pamoja wanaitwa SKZOO, na wa Han ni Han Quokka. Kuna vidoli na vishikizo vya funguo vyake. Kishikizo ni chepesi, hakitakutesa kwa usafiri.

Ila nikuulize: hilo daftari la rafu, binti huwa anaandika nini? Kwa sababu Han, pamoja na Bang Chan na Changbin, ndio wanaotunga sehemu kubwa ya nyimbo za kundi. Watatu hao wanajiita 3RACHA. Mtu anayempenda Han mara nyingi anapenda maneno.

Mzee wa Kihonda aliandika:

Mama yake anasema anaandika mashairi. Mimi sikuwa najua.

Bintimzizima aliandika:

Basi mnunulie daftari zuri la jalada gumu na kalamu ya wino inayoteleza. Funga kishikizo cha kwoka kwenye utepe wa daftari. Ukurasa wa kwanza umwandikie wewe, kwa mkono wako, mistari miwili tu. Hela itabaki, nunua vifaa vya brauni.

Mzee wa Kihonda aliandika:

Daftari nalipata hapa mjini. Kalamu isiwe nyekundu, nimelisoma hilo. Nimeanza kuandika ile mistari miwili kwenye karatasi nyingine kwanza, nimeshafuta mara nne.